Chakula cha Ndege, Miche ya Ida

Jumamosi, 4 Januari 2025

Ukungu mpaka saa nne, kisha upepo. Makambako ile ile. Lakini leo kuna habari!

Mwinjilisti Yoeli alipita baada ya chai. Usharika unapata mgeni mwisho wa mwezi: Bibi Margit, mjane wa Kizungu aliyewahi kuishi Makete na mumewe miaka ya sabini. Atakaa kwetu Lyamkena siku tano, kisha apande Makete kuona alikoishi. Wazee wa kanisa watachagua nyumba ya kumlaza.

Watachagua kwa Mwalimu Rabson. Kila mgeni hulala kwa Rabson. Tumetenganishwa na ua wa michongoma tu, lakini kwake wageni wanashuka kwenye magari na kwangu wanauliza njia ya kwenda kwake. Sebule yake ina picha tisa akiwa amesimama na wageni. Yangu ina kalenda.

Nikamuuliza Yoeli huyo bibi anapenda nini. Akakuna kichwa. Akasema anachojua ni kwamba anapenda sana ndege. Nyumbani kwake ukuta mzima ni picha za ndege. Marehemu mumewe alikuwa hivyo hivyo.

Ndege! Rabson hana ndege. Rabson ana paka.

Sijalala mchana wa leo kwa kufikiri.

Jumatatu, 6 Januari

Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Wenzetu huko nje wanawawekea ndege chakula uani, kwenye vyombo vya kuning'iniza, na ndege wanakuja wenyewe kama wapangaji. Cha muhimu ni kuchagua mbegu. Alizeti ni ya ndege wenye midomo mikubwa. Ulezi ni wa chiriku na wadogo wenzake. Mtama unapendwa na kila mtu, njiwa zaidi.

Nikaenda sokoni kwa Danford, muuza nafaka. Akaniuliza nina kuku wa aina gani. Nikamwambia si kuku, ni ndege wa porini. Akanitazama kama mtu aliyeagiza viatu vya mbuzi. Akasema, mzee wangu, ndege wa porini sisi tunalipa watu wawafukuze.

Ulezi wake ulikuwa safi na bei yake ilijua kwamba ni safi. Alizeti hivyo hivyo. Ndipo nikaona gunia limeegemea kona. Mabaki ya fagio, akasema: kila kilichomwagika sakafuni tangu mavuno. Danford ni mkweli. Alinionya kwamba humo mna alizeti, mtama, ulezi, ngano, na vingine ambavyo hata yeye havijui.

Nilikuwa mtunza stoo wa shamba la miti kule Kifanya miaka ishirini na sita. Najua kuchagua mzigo. Kwa nini ununue mbegu tatu kwa mifuko mitatu wakati fagio limeshakuchanganyia? Nimechukua gunia zima.

Jumanne, 7 Januari

Vilishio vinne vya ndege tayari. Madumu ya lita tano, kila moja nimelikata madirisha mawili. Kazi safi.

Tatizo ni mahali pa kuvitundika. Dirisha la chumba cha mgeni linatazama kitalu cha mke wangu Ida, na nguzo imara za uani ni zile zinazobeba neti ya kitalu. Basi hakuna ubishi.

Ida alibisha. Ana miche elfu moja na mia nne ya parachichi chini ya neti ile, kila mmoja kwenye kiriba chake cheusi cha plastiki. Alianza miaka miwili iliyopita, baada ya sungura wangu kufa na uyoga wangu kuoza. Amejifunza kubebesha: anachukua kikonyo, kile kitawi cha mti mzazi mzuri, anakipachika kwenye mche na kukifunga kwa utepe wa nailoni mpaka vishikane. Ile mia tatu ya mstari wa mwisho ameimaliza wiki iliyopita. Bado michanga.

Hakupaza sauti. Mke wangu hapazi sauti. Alisema, "Mbegu ikianguka kwenye udongo wenye maji ina kazi moja tu, Baba Rejoice."

Nikamwahidi nitatandika turubai chini ya vilishio. Na nilikusudia kweli.

Alhamisi, 9 Januari

Wamekuja! Chiriku saba, shomoro wasiohesabika, tetere wawili. Nimekaa kwenye kiti cha chumba cha mgeni, mahali atakapokaa bibi. Mandhari nzuri sana.

Upepo umeyumbisha madumu kutwa. Mbegu zinaruka kidogo. Turubai lina kazi nyingine, nimelifunikia kuni.

Jumanne, 14 Januari

Mvua siku tano mfululizo. Asubuhi nimetoka nikaona kitalu kimekuwa kijani zaidi ya kawaida. Nilifurahi. Nikadhani miche imechangamka.

Si miche.

Kila kiriba kina wageni. Vijani vya alizeti viwili viwili, vinene, bado vimevaa maganda kichwani kama kofia. Mtama umesimama kama sindano. Ulezi kama manyoya. Na vingine ambavyo hata mimi sivijui. Danford alisema kweli.

Ida alikuwa amepiga magoti katikati ya mistari na mkasi wa kushonea. Hang'oi, anakata. Anainama, anakata chini kabisa, anasogea. Ameanza saa kumi na mbili asubuhi. Nikamuuliza kwa nini asivute tu. Akasema miche ya mwisho haijashikana na vikonyo vyake, ukivuta jani moja unatikisa kila kitu.

Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani aliwahi kuniambia. Mkaguzi wa miche anakuja Ijumaa tarehe 31. Kiriba chenye magugu, alama inapungua. Panya, alama inapungua. Akikosa cheti, kikundi cha wakulima wa Kichiwa walioagiza miche hakiruhusiwi kupokea hata mmoja. Wameshachimba mashimo. Wanangoja kupanda wakati mvua ipo. Mvua ikipita, mashimo yatajaa majani na miche itazeekea kwenye viriba.

Nikamwambia siku kumi na saba ni nyingi.

Alisogea kwenye kiriba kinachofuata. Aliendelea kukata.

Jumamosi, 18 Januari

Usaliti!

Rabson ana vilishio. Viwili. Vya mbao, vina paa, vina kingo, amechongewa na fundi. Amevitundika kwenye mti wa mapichi mbele ya dirisha lake. Nimewaona chiriku wangu huko. Nawajua.

Bila shaka Yoeli kamwambia na yeye habari za ndege. Mwinjilisti mdomo wazi.

Lakini kinachoniumiza si hicho. Nilichungulia kupitia michongoma kwa muda mrefu. Chini ya vilishio vya Rabson hakuna hata jani moja. Udongo mtupu, mweusi. Kwangu ni msitu. Inawezekanaje?

Wakati bado nimeinama, sauti yake ikanijia kutoka juu ya ua: "Kamwene, Mzee Yoramu. Umeangusha kitu?"

Nikasema natafuta kuku. Akasema hakujua kama nina kuku. Nikasema ndiyo maana namtafuta.

Basi akanieleza mwenyewe bila kuombwa, kama alivyo mwalimu. Anakaanga mbegu kwenye kikaango kabla ya kuziweka. Mbegu iliyokaangwa haioti. Ndege hawajali. Na chini ya mti anafagia kila jioni.

Alikuwa anacheka? Sikuweza kuona vizuri, miba ilikuwa machoni.

Jumatatu, 20 Januari

Gunia bado nusu. Kukaanga nusu gunia kwa kikaango ni kazi ya wiki, na mkaa wa Ida una hesabu. Nikafikiri. Moto unaua mbegu. Maji ya moto ni moto uliolowana. Basi!

Jana mchana nilimimina mbegu zote kwenye beseni kubwa nikamwagia maji ya kwenye chupa za chai, chupa tatu. Hayakuwa yakichemka, ni kweli. Lakini yalikuwa na joto la heshima. Nikafunika kwa gunia lenye unyevu, joto lisitoke. Nimeliweka nyuma ya jiko lilale.

Rabson atakaanga mpaka Pasaka. Mimi nimemaliza kwa dakika tano.

Jumatano, 22 Januari

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilifunua beseni. Joto lilinipiga usoni. Mbegu zote zimevimba, zimepasuka, na kila mtama na kila ulezi umetoa mkia mweupe. Zinanuka utamu na uchachu. Nikaona nizianike upesi zikauke kabla Ida hajarudi kutoka mashineni. Turubai nikalitoa kwenye kuni nikalitandaza uani, nikazimwaga, nikaanza kuzisambaza kwa mikono.

Hapo lango likagongwa. Wazee wa kanisa! Walikuwa wanapita kukagua nyumba za kulaza mgeni. Nilidhani ni kesho. Mama Priska, mwenyekiti wa akina mama, mbele. Yoeli nyuma na daftari.

Niliwakaribisha ndani. Mama Priska hakuingia ndani. Alisimama uani, akavuta pumzi kwa pua, akatazama turubai. Kisha akachutama, akachota kiganja kimoja, akakivunja kwa kidole gumba kama mtu anayejua.

"Baba Rejoice," akasema, "hiki ni kimea."

Nikasema hapana, ni chakula cha ndege.

Akasema yeye amezaliwa nyumba ya kupika pombe ya komoni kabla wazazi wake hawajaokoka, na kimea anakijua hata gizani. Ulezi umelowekwa, umefunikwa, umeota, umeanikwa. Kinachobaki ni kusaga na pipa.

Nikasema ndege, Mama, ndege. Akauliza ndege wangu wanakunywa lita ngapi.

Yoeli alikuwa anaandika! Nikamwomba asiandike. Akaandika na hilo pia, nadhani. Nikawavuta mpaka chini ya dirisha la mgeni wavione vilishio. Wakati huo huo, namwapia Mungu, hapakuwa na ndege hata mmoja. Kulikuwa na panya. Mnene, amekaa katikati ya miche, anabangua alizeti kwa mikono miwili.

Ida aliingia langoni na debe la unga kichwani akatukuta sote tunamtazama panya. Aliwasalimu wazee kwa heshima. Akatazama turubai. Akatazama panya. Akauliza kama wazee wameshapewa chai.

Jumapili, 26 Januari

Imetangazwa baada ya matoleo. Mgeni atalala kwa Mwalimu Rabson.

Mahubiri yalikuwa juu ya kiasi. Mchungaji hakunitaja. Hakukuwa na haja, kila alipotamka neno "pombe" benchi nzima iligeuza shingo upande wangu. Mimi ambaye sijawahi kuonja hata ulanzi! Ida alikaa wima kama mlingoti, kitabu cha nyimbo wazi, akaimba beti zote.

Njiani kurudi aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwanamke mmoja wa kikundi cha Kichiwa alikuwepo ibadani. Amemuuliza kama ni kweli kwamba kitalu kimegeuzwa.

"Kimegeuzwa nini?" nikauliza.

"Hakumalizia," akasema Ida.

Siku tano.

Jumanne, 28 Januari

Mgeni amefika jana. Leo palikuwa na chai ya kumkaribisha kwenye ukumbi wa usharika. Nilikwenda. Heshima yangu ilikuwa pale pale sakafuni, nilitaka kuiokota. Nilikuwa na mpango: nyumba kashinda Rabson, lakini ndege ninao mimi. Bibi akisikia hesabu yangu ataomba mwenyewe kuja.

Bibi Margit ni mdogo, mweupe kichwa chote, na Kiswahili chake ni cha zamani na kizuri kuliko changu. Rabson alikuwa amekaa kulia kwake kama mume. Nikapenya na kikombe changu. Nikamsalimu. Nikamwambia nimesikia anapenda sana ndege.

Uso wake uliwaka! Akanishika mkono. Akasema ndiyo, ndiyo, maisha yake yote, yeye na marehemu mumewe.

Nikamtupia Rabson jicho. Nikamwambia bibi kwamba uani kwangu kila asubuhi hutua ndege kumi na tisa kwa wakati mmoja.

Akaachia mkono wangu. "Kumi na tisa? Uani kwako?" Akafikiri. "Ni za injini moja au mbili?"

Sikuelewa. Rabson naye, nilimwona, hakuelewa. Ilibidi Mama Priska aeleze, polepole, kama anavyoeleza katekisimu. Marehemu mume wa bibi alikuwa rubani. Alirusha ndege ndogo ya misheni, alibeba wagonjwa na dawa kutoka milimani. Picha zilizoko ukutani kwake ni za ndege hizo. Zenye mabawa ya bati.

Ukumbi ulicheka mpaka vikombe vikalia. Bibi alicheka pia, kwa upole, akanipigapiga bega. Rabson hakucheka. Alikuwa anatazama nje ya dirisha, na shingo yake ilikuwa na jasho. Vilishio viwili vya mbao, paa, fundi, kukaanga, na kufagia kila jioni. Kwa dakika moja nzima nilimpenda yule mwanamume.

Nimetundua madumu yote manne. Ndege hawajaambiwa. Wamepanga mstari kwenye neti wananingoja.

Alhamisi, 30 Januari

Mkaguzi ni kesho.

Ida ameamka gizani akaenda Kichiwa kwa bodaboda kuwatuliza watu wake uso kwa uso. Kabla hajaondoka alinionyesha kitalu. Amekata kwa mkasi siku kumi na sita. Mistari yote ni safi isipokuwa ule wa mwisho, ile mia tatu michanga, ambako mbegu za chini zimeota mara ya pili. Akasema atarudi saa kumi jioni amalizie mwenyewe. Alirudia mara mbili: "Usiguse, Baba Rejoice."

Vidole vyake vimepasuka kwa mkasi. Nilivitazama alipokuwa anafunga kitenge. Nikaona aibu iliyonifika magotini.

Ndiyo maana niligusa.

Nilitaka arudi akute kazi imeisha. Nilitafuta mkasi sikuuona, alikuwa ameuchukua au ameuficha. Nikasema nitavuta kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Kiriba cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Nikapata kasi. Kwenye cha ishirini na ngapi sijui, mtama ulikataa kutoka, nikakaza, kiganja changu kikagonga mche, na kikonyo kikalala.

Kimelala tu, nilisema. Nikakisimamisha. Kikadondoka mkononi mwangu.

Ningeacha hapo. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Lakini nilitaka kujua kama ni huo mmoja tu uliokuwa mbovu, nikajaribu wa jirani. Kisha nikaharakisha ili nisifikiri. Saa tisa mvua ikaanza kunyesha na nilikuwa na vikonyo thelathini na saba kwenye kofia yangu.

Thelathini na saba!

Nimevirudisha vyote. Kila kimoja nimekipachika juu ya mche wake, au juu ya mche uliofanana na wake, nikakizungushia utepe. Vidole vilikuwa baridi, utepe unateleza. Vingine nimevitegemeza kwa njiti za kiberiti. Ukisimama mlangoni huwezi kutofautisha. Nimesimama mlangoni mara nne.

Ida alirudi kumi na moja, amelowa. Akapita mistari yote. Akafika wa mwisho. Akainama juu ya viriba, mgongo ukiwa upande wangu. Nikamwambia nimemsaidia kidogo. Akasema ahsante.

Sijui kama anajua. Sijui!

Ijumaa, 31 Januari

Mkaguzi ni mwanamke kijana, anaitwa Eveline, ana buti za mpira na ubao wenye karatasi. Hakutaka chai. Watu ambao hawataki chai wananitia hofu.

Alianza mstari wa kwanza. Anainua kiriba, anatazama chini, anatazama mizizi, anageuza majani, anaandika. Ida anamfuata hatua moja nyuma, mikono imekunjwa. Mimi hatua tatu nyuma, kofia mkononi. Mstari wa pili. Wa tatu. Aliuliza panya. Ida akamwonyesha mitego sita. Alikuwa ameitega lini? Sikuiona. Eveline akaandika.

Mvua ilianza kupiga kwenye neti. Nilitamani inyeshe zaidi, imfukuze. Haikumfukuza.

Mstari wa mwisho.

Alitembea polepole. Akapita kumi, akapita ishirini. Nilianza kuhesabu yangu kwa macho: huo si wangu, huo si wangu, huo ni wangu. Akaupita! Moyo ukarudi. Huo ni wangu, akaupita. Kisha akasimama, akainama, akanyoosha kidole kimoja, akakigusa kikonyo kama mtu anayepima joto la chai.

Kikaanguka.

Akagusa cha pili. Kikaanguka. Cha tatu kilianguka kabla hajakigusa, njiti ya kiberiti na yote. Aliiokota ile njiti. Akaitazama. Akamgeukia Ida akauliza hii ni mbinu gani.

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeandaa maelezo, juu ya upepo wa Makambako. Lakini Ida alikuwa amenitangulia.

"Hiyo ni thelathini na saba," akasema. "Iliharibika jana wakati wa kupalilia. Kila mmoja nimeufunga uzi mwekundu kwenye kiriba, chini, upande wa ndani. Naomba uiondoe kwenye hesabu. Iliyobaki, gusa mmoja mmoja."

Nikatazama. Uzi mwekundu. Kwenye kila kimoja. Aliufunga usiku ule ule mimi nikigeuka kitandani.

Eveline akaubana ubao kwapani. Aligusa mmoja mmoja. Mia mbili sitini na mitatu. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na mimi nilisimama pale nusu saa hiyo yote nikitazama kidole cha mwanamke nisiyemjua kikienda kutoka mche hadi mche. Hakuna kilichoanguka tena. Mwishoni aliandika kwa muda mrefu. Akauliza nani alipalilia.

Ida hakugeuka. Hakunionyesha. Aliacha nafasi tu, kama mtu anayemwachia mwenzake kiti.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Eveline akamwambia Ida, si mimi, kwamba kitalu kimepita. Cheti kitaandikwa. Thelathini na saba inatolewa leo mbele yake. Na akaongeza kwamba angependa kuona kitalu chenye mtu mmoja tu wa kupalilia.

Jumapili, 2 Februari

Nimeing'oa mwenyewe ile thelathini na saba na kuirundika kwenye mbolea. Ida hakunikemea. Ningependa anikemee. Jana jioni, tukimenya viazi, ndipo aliposema.

"Ungeniambia Alhamisi. Mikasi ni miwili. Tungekaa wote wawili tukamaliza kabla ya giza."

Ni hivyo tu. Nimelifikiria neno hilo kanisani leo badala ya mahubiri. Si miche inayomuuma. Ni kwamba alirudi amelowa, akanikuta nimesimama mlangoni na siri, na ilibidi afunge nyuzi peke yake.

Nimemwahidi mambo mawili. La kwanza, mbegu ya ndege haitaingia tena uani kwangu. La pili, nitauliza kabla ya kutenda. Akatikisa kichwa akasema sawa, Baba Rejoice. Jana Bibi Margit alipita kutuaga akielekea Makete. Alitembea kwenye mistari na Ida karibu saa nzima, wakiongea habari za udongo na baridi. Mimi aliniuliza kama uwanja wangu wa ndege bado una shughuli.

Nimekuwa mtu mwingine. Nahisi kabisa.

Alhamisi, 20 Februari

Miche elfu moja na mia moja ya kwanza imeshapandwa Kichiwa! Ida yuko huko tangu Jumatatu, anasimamia upandaji. Kila jioni ananipigia, sauti yake changa kama ya msichana. Anarudi Jumamosi. Mimi namwagilia mia mbili sitini na mitatu iliyobaki, kwa bomba la kitalu, polepole, kama alivyoniagiza.

Leo Yoeli amepita. Mwezi wa nane usharika unapata mgeni mwingine, daktari mstaafu. Nikamuuliza anapenda nini. Samaki, akasema.

Mtu wa zamani angekurupuka. Mimi si yule. Nilimkalisha Yoeli chini nikamhoji. Samaki wa kula au wa kutazama? Wa kutazama. Una hakika? Ana hakika, daktari anao nyumbani kwake kwenye kioo. Samaki wa majini, wenye mapezi, wanaopumua? Yoeli akasema Mzee Yoramu, ndiyo. Nimeuliza! Nimeuliza kabla ya kutenda, sawasawa na ahadi.

Bwawa litakaa kati ya kitalu na jiko, mahali dirisha la mgeni linapotazama. Nimeanza kuchimba saa nane. Udongo wa mvua ni laini ajabu, nimeshafika kiunoni. Rabson alichungulia juu ya michongoma akauliza ni shimo la nini. Nikamwambia la takataka. Alikaa pale akitazama kwa muda, kisha nikamsikia anaita fundi kwa simu.

Ida sijamwambia. Nataka iwe zawadi.

Jioni hii jembe limegonga kitu kigumu, kinalia kama chuma, kimelala kuelekea kitaluni. Bomba la zamani, nadhani, halina maji siku nyingi. Kesho asubuhi nitalipiga nyundo kidogo nihakikishe.